Mafundisho Tisa na Nusu ya Walokole, Kuanzia Mkiani (Ubishi Ruksa)

Tukubaliane mapema kwamba hatutakubaliana. Wakristo wa kiinjili wenyewe hawajawahi kuelewana hata idadi. Waliokutana London mwaka 1846 kuunda umoja wao walitoka na hoja 9 za imani. Wapresbiteri wa Marekani mwaka 1910 wakaona 5 zinatosha. Wamarekani wengine mwaka 1943 wakaandika 7. Halafu mwaka 1989 mwanahistoria David Bebbington akaja na alama 4 tu za kumtambua mtu wa kiinjili: lazima aongoke, ahangaike, ashike Biblia na aung'ang'anie msalaba. Ni kama mnada uliokosa wateja, kila anayepanda jukwaani anashusha bei.

Mimi nina 9 na nusu. Nusu utaiona ukifika.

Sipimi lipi ni kweli zaidi. Hiyo ni kazi ya wenye majoho. Napima mambo mawili. Je, fundisho hili linaelezeka kwenye daladala kati ya kituo na kituo, kabla konda hajatingisha sarafu sikioni mwako? Na je, wanaolikiri wanaishi kama wanaliamini? Kigezo hicho cha pili ndicho kilichovuruga ligi yote. Twende.

9. Unyakuo

Jina lenyewe lina kesi. Mwewe hunyakua kifaranga. Kijana wa pikipiki hunyakua simu. Nairobi ukilitamka haraka, msikilizaji anasikia "unyakuzi" na anakimbilia droo yenye hati ya kiwanja.

Kwamba Yesu atarudi, kanisa limekiri tangu lilipozaliwa, sina neno. Ila ile ratiba ya awamu mbili, waumini wanaondoka kwanza kimyakimya, dhiki inafuata, kisha ndipo anarudi hadharani, iliiva mikononi mwa John Nelson Darby miaka ya 1830 na kupigiwa debe na Biblia ya maelezo ya Scofield ya mwaka 1909. Ni rika moja na treni ya abiria, na kama treni, tatizo lake ni ratiba. Hata nje ya kambi ya Darby watu wameungua: wafuasi wa William Miller huko Marekani walikesha wakisubiri tarehe 22 Oktoba 1844. Ikafika tarehe 23.

Nami nimeumwa na fundisho hili. Nikiwa darasa la nne nilirudi kutoka shule nikakuta nyumba tupu, ugali jikoni, kanga ya mama kwenye kiti. Nikajua wameniacha. Nikatoka mbio hadi kwa jirani yetu, mzee wa kanisa, nikamkuta uani anapalilia mchicha. Moyo ukatulia: kama huyu yupo, bado. Ilinichukua miaka mingi kugundua kuwa ule haukuwa ushahidi wa kuaminika.

*Hukumu: linajaza mikutano ya wiki nzima, ila hakuna aliyeacha kujenga nyumba kwa sababu yake. Wanaosema "Bwana yu karibu" wanachukua mkopo wa miaka 15.*

8. Kuzaliwa na bikira

Limeshuka kwa kukosa wapinzani. Huko Marekani mwaka 1910 lilikuwa moja ya yale matano, vita kubwa, wasomi wakitoana jasho. Lilete Mombasa, Tanga au Unguja uone: ustadhi anatikisa kichwa kukubali, maana sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryam na inasimulia jambo hilo hilo. Mlokole amejiandaa kubishana, anakuta mwenzake anamkaribisha kahawa.

*Hukumu: fundisho zuri, mechi ya kirafiki.*

7. Maandiko Matakatifu

Najua. Unataka hili liwe la kwanza au la pili, na tayari umeshika mstari wa kunipiga nao. Subiri kidogo.

Watanzania tuna Azimio la Arusha la 1967. Walokole wa dunia wana Azimio la Chicago la 1978, vifungu 19, linalosema Biblia haina kosa. Ukisoma kwa makini unakuta kwamba dai hilo, kwa ukamilifu wake, linahusu maandishi ya kwanza kabisa, yale ya mkono wa mwandishi mwenyewe. Nayo hayapo; tulizonazo ni nakala za nakala. Wanazuoni wana jibu refu na la heshima kuhusu hilo, lakini haliingii kati ya kituo na kituo.

Kwetu suala hilo lilishatatuliwa na bibi yangu. Kwake maandishi ya kwanza ni Biblia ya Union ya mwaka 1952, na Yesu alizungumza Kiswahili cha humo. Asidhani mtu namtania peke yake. Msikilize kijana anayekwambia "oya, niaje" asubuhi. Mpe maombi ya kufungua kikao uone anavyogeuka: "twaja mbele zako", "wewe uliye", "utujalie". Hakuna aliyemfundisha sarufi hiyo. Imemwingia kama lafudhi ya nyumbani.

Kinacholishusha ni kigezo cha pili. Biblia ina jalada la ngozi, ina zipu, ina kalamu tatu za rangi ndani. Waulize wenye zipu kilichomo katika kitabu cha Hesabu.

*Hukumu: hakuna kinachotetewa kwa nguvu hivi na kusomwa kwa kuchagua hivi. Na siku hizi ikiwa ndani ya simu, mchungaji hajui kama umefungua Waefeso au salamu za kundi la ukoo.*

6½. Ubatizo

Hii ndiyo nusu. Katika ile orodha ya hoja 7 ya mwaka 1943 haumo kabisa, kwa sababu rahisi: ungewekwa, kikao kisingeisha. Wapo wanaonyunyiza watoto, wapo wanaozamisha watu wazima, na wote wanajiita wa kiinjili. Hata Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lenye neno hilo kwenye jina, lina washarika waliotoroka jioni kwenda "maji mengi" na Jumapili wakarudi kuimba kwaya nywele zimekauka.

Zamani haikuwa kichekesho. Mwaka 1527 Felix Manz, aliyefundisha kwamba mtu abatizwe akiwa na akili zake, alizamishwa mto Limmat mjini Zürich hadi akafa, na waliomhukumu walikuwa Waprotestanti wenzake.

*Hukumu: nusu alama, kwa heshima ya Manz.*

6. Agizo Kuu

Hapa wanajitahidi, lazima tuseme ukweli. Panda basi la mikoani alfajiri. Kabla dereva hajaweka gia ya tatu, jamaa mwenye koti lililomzidi mabega amesimama katikati: "Bwana Yesu asifiwe!" Anaombea matairi, anaombea dereva, anaombea ng'ombe wasikatize barabara. Amina. Kisha anainama, anafungua begi, anatoa dawa ya minyoo. Hata kumlaumu huwezi. Paulo naye alishona mahema.

Waliotangulia walikuwa na shida nyingine. Johannes Rebmann alikuja pwani kutangaza kwamba mtu alikufa akafufuka. Mwaka 1848 akauona mlima Kilimanjaro, akaandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Mabingwa wa jiografia London wakakataa. Mmoja wao, William Cooley, hakuwahi hata kukanyaga huku, lakini alibisha miaka na miaka. Habari ya mtu kufufuka waliipokea, theluji ikawashinda kumeza.

Halafu upepo ukageuka. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kenya aliwaambia wazungu wasimamishe kwanza kutuma wamishonari na fedha ili makanisa ya huku yasimame kwa miguu yake. Mwaka 1974 kule Lausanne, Uswisi, mkutano mkubwa wa uinjilisti ukalijadili hilo. Leo wahubiri wa Kiafrika wanakodi kumbi London na Chicago, na ni wao sasa wanaolalamikia baridi ya kiroho ya wenyeji.

*Hukumu: kazi inafanyika. Vipaza sauti tu ndivyo vipunguzwe. Agizo lilikuwa kwenda kwa mataifa yote, si kuyaamsha usiku wa manane.*

5. Utatu

Kwa kigezo cha daladala hili linafeli kabla ya kupanda. Nimewahi kulisikia likielezwa kwa maji, barafu na mvuke, na ni uzushi wa karne ya 3 kwamba Mungu ni mmoja anayebadilisha sura. Kwa yai, yaani ganda, ute na kiini, Mungu anagawanyika vipande. Mwalimu wangu wa shule ya Jumapili alitumia mafiga: mawe matatu, chungu kimoja. Tulipenda sana. Nilipokua nikang'amua kuwa tulikuwa tumefundishwa miungu watatu wanapika maharage.

Maaskofu walikaa Nisea mwaka 325, wakarudi tena kazini Konstantinopoli mwaka 381, wakasugua maneno ya Kigiriki hadi yakang'aa. Sisi tulipata njia ya mkato ambayo Wagiriki hawakuwa nayo: ngeli.

Angalia. Roho yangu *imetulia*. Roho yake *ni nzuri*. Neno hilo liko katika ngeli ya vitu, pamoja na ndizi na kalamu. Lakini Roho *Mtakatifu ameshuka*. Ghafla limevaa upatanisho wa watu. Silabi moja, *M-*, imebeba kazi ya mtaguso mzima: huyu ni nafsi, si nguvu kama umeme. Na ukitaka kujua kwamba si bahati, fungua machapisho ya Kiswahili ya Mashahidi wa Yehova, ambao hawaukubali Utatu. Wao huandika "roho takatifu". *M-* imeondoka, na fundisho limeondoka nayo. Sijui mahali pengine ambapo imani ya mtu inajulikana kwa kiambishi.

*Hukumu: walokole hawawezi kulieleza lakini wanalisema bila kosa kila siku. Mwalimu wa Kiswahili anastahili sadaka maalumu.*

4. Msalaba

Hapa ndipo utakapokasirika. "La nne? Msalaba?" Tulia, nimelipima kwa mizani ile ile.

Neno lake kubwa ni *ukombozi*, na kukomboa ni kazi inayoeleweka vizuri: umeweka redio rehani, unalipa, unairudisha nyumbani. Pwani neno lilikuwa na uzito wa kutisha zaidi. Ukipita Kisauni, Mombasa, makondakta bado wanaita "Kengeleni!" Kengele yenyewe ipo. Ni ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, na iligongwa kuwaonya kwamba wakamataji wanakuja. Mtu aliyeishi pale akiambiwa kuna aliyelipa gharama ili asiuzwe tena, hakuhitaji mchoro ubaoni.

Na wengine walilibeba hadi mwisho. Wakati wa Mau Mau, miaka ya 1950, walokole wa Kikuyu walikataa kula kiapo, wakisema wameshainywa damu ya Yesu na haichanganywi na nyingine. Wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali. Pande zote mbili zikawaona wasaliti. Baadhi waliuawa.

Mbona basi liko la nne? Kwa sababu ya Kenya ya leo, ambako kukomboa nyumba maana yake ni kuipanga. Unakomboa, na mwenye nyumba anarudi mwisho wa mwezi. Waumini wengi wanauishi msalaba hivyo hivyo: umelipwa, lakini kila Jumapili wanakuja mbele kulipia tena, na kuna wahubiri wasio na haraka ya kuwapa risiti.

*Hukumu: lingekuwa la kwanza kama wangekubali kwamba deni limeisha.*

3. Ufufuo

Linaelezeka kwa pumzi moja: alikufa, kaburi likakutwa tupu. Mtume Paulo alikuwa na ujasiri wa kuweka mayai yote ndani ya tenga hili, akakiri kwamba likianguka, mahubiri yake ni kelele. Siyo wahubiri wengi wanaokupa anwani ya mahali pa kuwapigia.

Kioja chake kiko kwa mashahidi. Injili zote nne zinaweka wanawake kaburini asubuhi ile, katika zama ambazo ushahidi wa mwanamke haukuthaminiwa. Mtu anayetunga uongo angechagua mashahidi wenye ndevu. Na mitume waliwaonaje akina mama walipoleta habari? Walidhani wanaropoka. Kuna makanisa ambayo hadi leo hayajatoka kwenye dhana hiyo: yanakiri Jumapili ya Pasaka kwamba mhubiri wa kwanza wa ufufuo alikuwa mwanamke, na Jumapili inayofuata yanamkumbusha kwamba madhabahu si mahali pake.

*Hukumu: nenda msibani. Pale kaburini, udongo ukianza kudunda juu ya jeneza na akina mama wakapandisha pambio, utajua kama wanaamini au la. Wanaamini. Ndiyo maana liko kwenye tatu bora.*

2. Kuokoka

Walokole wamepata jina lao hapa. *Abalokole*, neno la Kiluganda: waliookoka. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 moto ulipita Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, na "Tukutendereza Yesu" ukaimbwa na watu ambao Kiluganda chao chote ndicho hicho.

Nina ugomvi mdogo na neno. Kikombe kimevunjika. Mlango umefunguka. Nimeokoka. Kile *-ka* cha mwisho ni kiambishi cha mtoto aliyevunja kikombe: jambo limetokea, mtendaji hatajwi. Watu wanaosisitiza kuliko wote kwamba ni Mungu ndiye anayeokoa, wamechagua neno linalomficha. "Nimeokolewa" lilikuwepo bure kabatini. Mtu aliyenusurika ajali ya basi naye husema "niliokoka", na hamshukuru mtu ila mkanda.

Lakini wale wa kwanza ukiwaona mtaani usingewauliza sarufi. Walirudisha. Walirudisha majembe, shuka za hospitali, chenji za miaka kumi nyuma. Bibi yangu alikuwa akiuza maziwa. Alipookoka alizunguka na kopo lake la kupimia, nyumba kwa nyumba, akikiri kwamba kila asubuhi aliongeza maji. Mteja wa tatu alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na kikombe. "Mama," akasema, "na hiki nilikuwa nakuambia ni cha nusu lita." Kilikuwa kinazidi. Wakasameheana pale mlangoni, na kuanzia siku hiyo bibi akaleta maziwa matupu na mteja akaleta kikombe cha haki.

*Hukumu: medali ya fedha. Lingechukua dhahabu, lakini siku hizi ushuhuda unaishia na gari, na hakuna anayerudisha kitu.*

1. Neema

Hili ndilo geni kuliko yote. Dini nyingine zina sala, zina vitabu, zina siku ya mwisho. Hili linasema umepewa bure, hukustahili, na huwezi kurudisha. Mswahili akisikia "bure" anatafuta mtego. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Wenyewe wanaliita *kuhesabiwa haki*, lugha ya mhasibu. Fikiria daftari la madeni pale dukani kwa Mangi: jina lako, sukari, sabuni, vocha, sukari tena. Siku moja unakuta amepiga mstari, na pembeni ameandika kwamba umelipa, kwa mshahara wa mwanawe. Ungelala usiku huo? Martin Luther alilipenda kiasi kwamba alipotafsiri Warumi 3:28 kwa Kijerumani mwaka 1522 aliongeza neno "peke yake" baada ya imani, ambalo kwenye Kigiriki halipo. Alipobanwa alisema ndivyo Kijerumani kinavyotaka. Union yetu haikuongeza. Waraka wa Yakobo, unaodai matendo, Luther aliuita waraka wa majani makavu. Usijaribu kwenu.

Kiswahili nacho kina mtego wake. *Neema* kwetu ni mvua ikinyesha, mahindi yakikubali, mwaka wa shibe. Wahubiri wa mafanikio hawakuhitaji kupotosha kitu; walilikuta neno limeshaiva, wakachuma.

Kwa kigezo cha kwanza linapita. Kwa kigezo cha pili linaanguka kuliko yote, na bado nimelipa namba moja, kwa sababu ni mimi ninayetunga orodha na nimeamua kulihesabia haki.

Jumapili moja nilikaa kanisani kwetu, mahubiri yakawa mazito kweli: wokovu haununuliwi, hata kwa senti. Amina zikapaa hadi kwenye mabati. Kisha yakaja matangazo, yakasomwa majina ya ambao bahasha zao za ahadi bado. Kisha tukatoka nje kwenye mnada. Mikungu ya ndizi, trei ya mayai, na jogoo mwekundu kafungwa miguu. Aliyemnunua, kwa elfu ishirini, akamrudisha anadiwe tena, ndiyo heshima yenyewe. Wa pili akatoa ishirini na tano, naye akamrudisha. Wa tatu, thelathini, akaondoka naye.

Jogoo aliuzwa mara tatu asubuhi ile. Hakuwika.